UZI: Mwezi upo umbali uleule na sisi kutoka Juani. Mbona haujaota hata ukoga?

Mwambatope (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya uhai na sayari ikiletwa humu, ukurasa wa kwanza haujaisha utakuta jibu limeshapigwa muhuri: Dunia ina uhai kwa sababu imekaa umbali mzuri na Jua, si karibu ikaungua wala mbali ikaganda. Mjadala unafungwa. Sasa nauliza, Mwezi nao je? Uko hapo jirani, kama kilomita 384,000 tu, na Jua linaupiga kwa ukali uleule linaotupiga sisi. Mbona ni vumbi na mawe?

Msimamo wangu ni kwamba umbali ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Nusu nzito iko chini ya miguu yetu. Sayari ikishapoa ndani, juu nako kunadorora, hata kama imekaa mahali pazuri namna gani.

Tuanze mwanzo. Dunia ilijengeka takribani miaka bilioni 4.54 iliyopita, vipande vya mawe na chuma vikigongana na kushikamana. Kila mgongano uliacha joto. Ujenzi ukielekea mwisho, kitu chenye ukubwa wa kukaribia sayari ya Mirihi (Mars) kiliivaa Dunia changa. Wanasayansi wamekipa jina Theia, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya ajali hiyo ndiyo yaliyokusanyika yakawa Mwezi. Sehemu kubwa ya Dunia ilikuwa uji wa mawe. Chuma, kwa uzito wake, kikazama hadi katikati, kikaenda na nikeli na karibu dhahabu yote. (Dhahabu inayochimbwa leo inadhaniwa kwa sehemu kubwa kuletwa na vimondo baadaye, kiini kilipokwisha kujitenga. Ile ya kwanza hakuna atakayeifikia.) Kule kuzama kwenyewe kukazalisha joto jingine.

Ndiyo maana leo tuna ganda jembamba juu, kilomita chache chini ya bahari na makumi ya kilomita chini ya mabara. Halafu koti la mwamba hadi karibu kilomita 2,900. Halafu kiini cha nje cha chuma kilichoyeyuka. Na katikati kabisa kiini cha ndani, chuma kigumu chenye nusukipenyo cha kilomita 1,220 hivi.

Dunia inatoa joto la ndani la takribani terawati 47, yaani wati trilioni 47. Ukiligawa kwa eneo lote la uso wake, kila mita ya mraba haipati hata sehemu ya kumi ya wati. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba joto hilo ndilo linalotupa ujoto wa kuishi. Ujoto ni wa Jua. Kazi ya joto la ndani ni kusukuma. Koti la Dunia ni mwamba mgumu, lakini kwa mamilioni ya miaka unatiririka, sentimita chache kwa mwaka: wa moto unapanda, uliopoa unazama. Mabamba ya juu yanakwenda nao. Volkano, milima, matetemeko na bahari zinazofunguka na kufungika, vyote vinatoka humo.

Na Mwezi? Toa kokoto na jabali motoni kwa pamoja, uone kipi kinapoa kwanza. Kwisha habari ya Mwezi. Mirihi, yenye kama sehemu ya kumi tu ya tungamo la Dunia, imepita njia hiyohiyo kwa mwendo wa polepole zaidi.

Nitaendelea. Karibuni kwa hoja.

Kokoto

Naweka kambi hapa.

Ila mkuu, shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa kwenda chini ni lile la Kola, Urusi: mita 12,262. Ikachukua miaka na miaka kulichoronga. Wewe unatutajia kilomita 2,900 na 1,220 kama mtu aliyeshuka na futikamba. Walipima kwa nini, ramli?

Mwambatope

Swali zuri, Kokoto. Walipima kwa matetemeko.

Tetemeko kubwa likipiga upande mmoja wa Dunia, mawimbi yake yanapita tumboni na kutokea upande wa pili. Yapo ya aina mbili zinazotuhusu: ya kusukumana, yanayopita popote, na ya kutikisa kwa ubavu, ambayo hayapiti kwenye kimiminika. Richard Oldham mwaka 1906 alionyesha kwamba katikati kuna kitu cha namna nyingine kinachochelewesha mawimbi. Beno Gutenberg akapiga hesabu ya kina chake mwaka 1914 na kupata hiyo kilomita 2,900. Harold Jeffreys mwaka 1926 akahitimisha kwamba kile kitu ni kimiminika.

Halafu akaja mwanamama wa Denmark, Inge Lehmann. Alikuwa anazipekua rekodi za tetemeko la New Zealand la mwaka 1929, na kwenye vituo ambavyo kwa hesabu vilitakiwa viwe kimya, kulikuwa na vimawimbi dhaifu. Wengine walivipuuza. Yeye akasema: ndani ya kile kimiminika kuna kitu kingine kinachoyapindisha. Akaandika makala mwaka 1936, kichwa chake ni herufi moja na kimkwaju juu yake: P′. Ndicho kiini cha ndani hicho. Mimi huwa nawaambia vijana, kama unataka kujifunza kusoma takwimu bila kudharau kidogo kisichokaa sawa, muanzie huyo mama.

Tetemeko6

Uzi mtamu. Niongezee nondo moja. Mwaka 1862 mwanafizikia Lord Kelvin alipiga hesabu ya kupoa kwa Dunia akasema umri wake hauwezi kuzidi miaka milioni 400. Wanajiolojia na wafuasi wa Darwin wakabanwa kooni, maana mageuko ya viumbe yanataka muda mrefu. Kilichomwangusha ni kugunduliwa kwa mionzi mwaka 1896: uraniamu, thoriamu na potasiamu ndani ya miamba zinaendelea kuzalisha joto. Kelvin hakujua kama Dunia ina jiko lake ndani.

Mama Zirkoni

Tetemeko6, hadithi hiyo inasimuliwa hivyo kila mahali, lakini mionzi peke yake isingemwokoa mtu yeyote kwenye ile hesabu. Ukiiongeza, umri hausogei sana. Kosa kubwa la Kelvin lilikuwa kuichukulia Dunia kama tofali gumu linalopoa kwa joto kupenya taratibu kutoka ndani. Aliyemkamata ni John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, mwaka 1895, yaani kabla hata mionzi haijagunduliwa. Perry alisema: kama tumbo la Dunia linaweza kutiririka na kupandisha joto juu, basi ganda litabaki la moto kwa muda mrefu mno, na umri unaweza kufika mabilioni. Hakusikilizwa. Ni mtiririko uleule alioueleza mleta mada hapo juu.

Mionzi ina nafasi yake lakini, usiitupe. Wajapani wana kifaa chini ya ardhi kiitwacho KamLAND kinachonasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zinazotoka kwenye mwamba wa Dunia. Kwa vipimo vyake, karibu nusu ya zile terawati 47 inatokana na mionzi. Nusu nyingine ni joto la kuzaliwa, halijaisha mpaka leo.

Na kwa vile nimejiita jina hili, mniruhusu. Huko Jack Hills, Australia Magharibi, kuna chembe za madini ya zirkoni ambazo ukubwa wake ni kama unene wa nywele chache. Zikisagwa kutoka kwenye mwamba utaziona kwa shida bila darubini. Baadhi zina umri wa miaka bilioni 4.4. Oksijeni iliyofungiwa ndani yake ina uwiano wa aina zake, nzito na nyepesi, unaotokea pale mwamba unapokuwa umekutana na maji ya kimiminika kabla ya kuyeyushwa tena. Maana yake, miaka milioni 150 tu hivi baada ya Dunia kuwa uji wa mawe, tayari palikuwa na maji, na tayari miamba ilikuwa inarudi chini kupikwa upya.

Kijiti

Nimesoma nusu. Nakuja kumalizia, msifunge uzi.

Fundi wa Nyota

Mkuu Mwambatope, umesahau jambo kuu kuliko yote: uga wa sumaku. Kile kiini cha nje kinapozunguka kinazalisha sumaku inayotukinga na upepo wa Jua, yaani chembe zinazorushwa na Jua. Mirihi ilipoteza sumaku yake kama miaka bilioni 4 iliyopita, hewa yake ikapeperushwa, sasa imebaki na kanieneo isiyofika asilimia 1 ya ya kwetu. Chombo cha NASA kiitwacho MAVEN kilifika huko 2014, kikaona kabisa hewa inavyotoroka. Hapo ndipo uhai wetu ulipo. Mengine ni nyongeza.

Mwambatope

Fundi, sijasahau. Niliacha makusudi ili aje mtu kama wewe.

Swali langu ni moja: Zuhura (Venus). Haina uga wa sumaku wa maana. Iko karibu na Jua kuliko sisi, upepo unaipiga kwa nguvu zaidi. Na hewa yake ni nzito mara 90 kuliko ya kwetu! Kama sumaku ndiyo inayoshikilia hewa, Zuhura ingekuwa imenyonyolewa siku nyingi.

Kinachoshikilia hewa kwanza ni mvutano. Mirihi ni ndogo, mvutano wake ni asilimia 38 ya wa kwetu, gesi zinatoroka kirahisi, na volkano zake zilipopungua hakukuwa na wa kujaza pengo. Vipimo vya kiasi cha ayoni (chembe za gesi zenye chaji) zinazotoroka kutoka Dunia, Zuhura na Mirihi havipishani kwa kiwango ambacho mtu angetegemea. Sumaku inatukinga na mionzi kwa kiasi fulani, na ni ushahidi mzuri kwamba chini bado kunachemka. Miamba ya zaidi ya miaka bilioni 3.4 inaonyesha kwamba ilikuwepo. Lakini kuifanya shujaa wa hadithi nzima, hapana. Inapendwa kwa sababu inachorwa vizuri kwenye video.

Fundi wa Nyota

Hapo kwenye Zuhura umenibana, sikatai. Ila sijakubali kwamba sumaku ni pambo. Maji yanavunjwavunjwa na mwanga wa Jua huko juu, haidrojeni inatoroka, na Zuhura imekauka kweli. Haya, shujaa wako ni nani?

Mwambatope

Hewa ukaa. Au tuseme, safari yake ya kwenda chini na kurudi.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipotaka kufika. Mvua inapopita hewani inachukua hewa ukaa na kuwa asidi hafifu. Ikianguka milimani inaula mwamba pole pole, na kinachotoka kinateremka na mito hadi baharini, ambako kinakuwa mawe ya chokaa sakafuni. Kwa njia hiyo hewa ukaa inatolewa angani na kuzikwa. Kama mambo yangeishia hapo, hewa ukaa ingepungua mpaka sayari igande. Ila sakafu ya bahari haikai mahali pamoja. Bamba linazama chini ya jingine, linaenda na chokaa yake, inapikwa, na volkano inairudisha hewa ukaa angani. Ganda la bahari halidumu: kwa sehemu kubwa halizidi umri wa miaka milioni 200, wakati mabara yana miamba ya mabilioni.

Uzuri wa mtambo huu ni kwamba unajirekebisha. Dunia ikipata joto, mvua inaongezeka, mwamba unaliwa haraka, hewa ukaa inapungua, joto linashuka. Ikipoa, kinyume chake: mwamba unaliwa polepole, volkano hazijali, zinaendelea kutoa, joto linapanda. Walker, Hays na Kasting waliuandika vizuri mwaka 1981. Na ulihitajika kweli, kwa sababu Jua changa lilikuwa na mwanga wa kama asilimia 70 tu ya wa leo. Kwa mwanga huo bahari zingeganda, ila miamba inatuonyesha maji yakitiririka.

Mtambo uliwahi kuzidiwa. Kati ya miaka milioni 720 na 635 hivi iliyopita Dunia iliganda mara mbili, barafu ikafika hadi ikweta. Mara ya kwanza ilidumu zaidi ya miaka milioni 50. Kilichotuokoa ni kwamba barafu haizimi volkano. Zilitoa hewa ukaa miaka nenda rudi, na mwamba uliofunikwa na barafu haukuweza kuila, ikajikusanya mpaka barafu ikasalimu amri. Huko Namibia, Paul Hoffman na wenzake walieleza mwaka 1998 kinachoonekana kwenye miamba: tabaka la tope lenye mawe yaliyodondoshwa na barafu iliyoelea, unaona kabisa jinsi jiwe lilivyotua na kukunja tope chini yake, na juu yake, bila mpito wowote, chokaa ya bahari yenye joto. Unaweza kuweka kidole gumba kwenye mpaka wenyewe.

Sayari iliyopoa ndani ingebaki mpira wa barafu.

Mama Zirkoni

Na muda si mrefu baada ya barafu hiyo kuisha ndipo wanaanza kuonekana viumbe wakubwa wenye miili laini, kisha wanyama wa kila namna. Kama kuganda kulichangia au la, watu bado wanavutana.

Jabali_Kuu

Wandugu, samahani kuwakatisha. Mtambo unaojirekebisha, volkano zinazookoa... hamuoni mkono wa Mwenyezi humo?

Mwambatope

Ndugu yangu Jabali_Kuu, anayeuona simzuii, na asiyeuona naye ana haki yake. Hilo lina jukwaa lake, tukilifungua hapa leo hatutalala.

Ila usiiite mashine ya huruma. Mtambo huohuo umetuua karibu tuishe.

Miaka milioni 252 iliyopita, huko Siberia, mwamba wa moto kutoka kwenye koti ulipanda kwa wingi usiosemeka. Lava ilifunika mamilioni ya kilomita za mraba. Lakini lava haikuwa mbaya kuliko ile magma ambayo haikutoka. Ilijipenyeza kwa ubavu kati ya matabaka ya makaa ya mawe, chumvi na chokaa, ikayachoma humohumo ardhini. Gesi zikapanda: hewa ukaa, methani, gesi za salfa na za klorini. Joto la bahari za tropiki likaongezeka kwa takribani nyuzi 10, maji yakapoteza oksijeni, yakawa na asidi. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zikatoweka. Makundi ya trilobiti, viumbe wa baharini wenye gamba gumu, yaliyokuwa yamedumu karibu miaka milioni 270, yakaishia hapo. Makaa ya mawe yenyewe hayaonekani kwa muda wa mamilioni ya miaka baada ya hapo, maana misitu ya kuyatengeneza haikuwepo.

Na waliobaki ndio waliorithi. Katika nafasi zilizoachwa wazi ndimo walimotokea dinosaria, na wanyama wa kwanza wanaonyonyesha pia. Kwa hiyo ukitaka kuandika ukoo wetu kwa haki, Siberia iwekwe humo.

Tetemeko6

Mkuu, dinosaria wenyewe je? Kile kimondo cha Chicxulub au volkano za Deccan, India? Vyote ni miaka milioni 66.

Mwambatope

Kimondo. Deccan zilikuwa zimeanza kabla na zikaendelea baada, huenda zilisumbua, ila pigo la ghafla ni la kimondo. Napenda mambo ya ndani, lakini sitayabambikia kila kesi.

Kijiti

Nimerudi, nimemaliza yote. Swali la mshamba: uhai wenyewe ulianzia wapi? Juu au huko chini?

Mama Zirkoni

Si swali la kishamba, mwanangu. Mwaka 1977 chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin kilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, kama mita 2,500 chini, wakitafuta chemchemi za moto. Walikuta pia kome, kaa na minyoo mikubwa ya bomba isiyo na mdomo wala utumbo, wakiishi kwenye giza totoro kwa kutegemea bakteria wanaojilisha kemikali za mwamba. Wanabiolojia hawakuwemo kwenye msafara, hakuna aliyedhani watahitajika.

Mwaka 2000 zikapatikana chemchemi za aina nyingine kwenye Atlantiki, eneo linaloitwa Lost City. Hapo maji ya bahari yanapenya kwenye mwamba uliotoka kwenye koti, madini ya olivini yanageuka, na haidrojeni inatoka. Haidrojeni ni nishati ya bure kwa kijidudu. Ndiyo maana wengi wanaona chanzo huenda kilikuwa mahali pa namna hiyo. Wengine wanashikilia vidimbwi vya nchi kavu vinavyokauka na kujaa tena. Kambi zote mbili, ukiangalia, zinahitaji sayari yenye moto chini.

Tena uhai haukupokea tu. Miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita oksijeni ya sainobakteria, vijidudu vinavyotumia mwanga wa Jua kama mimea, ilianza kujaa hewani. Kabla na wakati huo chuma kilichoyeyuka baharini kiliganda kikawa matabaka mekundu na ya kijivu, kama yale ya Hamersley, Australia, na sehemu kubwa ya chuma cha dunia inachimbwa kwenye matabaka ya namna hiyo. Robert Hazen na wenzake walipiga hesabu mwaka 2008 kwamba takribani theluthi mbili ya aina za madini zinazojulikana zipo kwa sababu ya uhai, moja kwa moja au kwa kupitia oksijeni. Mirihi haina kabati la madini kama letu.

Kokoto

Mama umetisha. Na maji je, nayo yanakwenda chini na mabamba?

Mama Zirkoni

Yanakwenda, yamefungwa ndani ya madini. Mwaka 2014 Graham Pearson na wenzake walichapisha habari za almasi kutoka Juína, Brazili. Almasi yenyewe haikuwa na sura ya kuvutia. Ndani yake kulikuwa na punje ya madini yaitwayo ringwudaiti, ndogo kuliko unene wa nywele, na madini hayo hutengenezeka kwenye kina cha zaidi ya kilomita 500. Uzito wa punje ile ulikuwa na maji kama asilimia 1.5. Si bahari ya kuogelea, mitandao iliongeza chumvi sana. Ni maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele. Ila maji hayo yanalainisha mwamba na kuushusha kiwango cha kuyeyuka, na pasipo hayo mabamba yasingeteleza kirahisi.

Fundi wa Nyota

Sasa Zuhura tena, mkuu, na hapa sikuachii. Ukubwa wake karibu sawa na Dunia. Kwa hoja yako ya jabali na kokoto haijapoa. Mbona uso wake una nyuzi 465 na hakuna mabamba?

Mwambatope

Hilo ndilo swali lenyewe, Fundi, na ndilo linalonifanya nisilale kwenye hoja ya joto peke yake.

Zuhura ina moto. Mwaka 2023 Robert Herrick na Scott Hensley waliperuzi upya picha za rada za chombo cha Magellan za mwaka 1991, wakaona tundu la volkano kwenye mlima Maat Mons limebadilika umbo na kupanuka ndani ya miezi minane. Kwa hiyo inachemka. Isichokuwa nacho ni njia ya kurudisha. Kaboni yake haipishani sana kwa wingi na ya kwetu, ila yetu imefungiwa kwenye mawe ya chokaa na yake yote iko angani. Bila maji mwamba hauliwi, chokaa haiundwi, na ganda kavu ni gumu kukatika na kuzama. Inatoa tu.

Wanapogawanyika wataalamu ni hapa: kuna wanaosema ilikuwa na bahari zikachemka, na kuna wanaosema mvuke wake haukuwahi kupoa ukawa mvua hata mara moja. Mimi naegemea kwa hao wa pili, kwa kuwa ilianza ikiwa karibu mno na Jua, ambapo umbali unakuwa na kauli kubwa siku za mwanzo kabisa. VERITAS na DAVINCI vya NASA, na EnVision cha Ulaya, vinaandaliwa kwenda huko. DAVINCI kitapima haidrojeni nzito na gesi adimu kikiwa kinashuka ndani ya hewa yake, na kwenye namba hizo ndipo mmoja kati ya hao wawili atakapobanwa.

Fundi wa Nyota

Sawa. Ila ukiegemea huko, umbali umeurudisha mezani kwa mlango wa nyuma.

Mwambatope

Nusu nyepesi nilisema, sikusema haina uzito.